Betri ya gari imekufa, au imesingiziwa? Mwongozo kamili wa kuipima na kuibadilisha nyumbani

Jumatatu moja alfajiri, saa kumi na moja na nusu, niligeuza ufunguo wa Toyota IST yangu hapa Tabata, Dar es Salaam, nikasikia ka-ka-ka-ka-ka, kama meno ya mtu mwenye homa. Taa za dashibodi zikafifia, kisha kimya. Jirani aliyekuwa akifungua geti lake akatoa hukumu kabla sijashuka: "Jirani, hiyo betri imekufa. Weka mpya tu, usihangaike." Nikaweka mpya siku hiyo hiyo. Fundi alipochomoa temino, redio yenye skrini ikajifunga na kuanza kunidai namba ya siri kwa Kijapani. Wiki mbili baadaye, ka-ka-ka-ka tena, na betri bado ina harufu ya dukani. Mkosaji alikuwa taa ya buti, balbu ndogo ya wati 5 iliyokuwa ikiwaka usiku kucha mahali ambapo hakuna wa kuiona.

Kwa hiyo spana itasubiri kidogo. Gari likigoma kuwaka, washukiwa wakuu ni wanne: betri yenyewe, alterneta inayopaswa kuichaji, kitu kinachonyonya umeme gari likiwa limeegeshwa, na temino zilizolegea au kuota kutu. Wote wanne wanaonyesha dalili ileile asubuhi, na lawama humwangukia wa kwanza kwa sababu ndiye anayeuzwa kila kona. Vipimo vitatu vya mita ya umeme vinatosha kumjua mwenye kosa.

Vitu vya kuwa navyo

Mita ya umeme ya bei rahisi, ile yenye waya mwekundu na mweusi. Spana namba 10, maana Toyota nyingi na Nissan nyingi zinafunguka kwa hiyo. Brashi ya waya au kipande cha msasa, glovu za mpira, miwani ya aina yoyote ya kukinga macho, baikaboneti ya soda vijiko viwili, maji, vaselini na tambara. Kama betri yako ina vifuniko sita juu, tafuta pia haidromita, kile kipima asidi cha kioo chenye mpira wa kunyonyea. Basi.

Tukubaliane na majina mawili kabla ya kuendelea. *Posti* ni nguzo ya risasi inayochomoza juu ya betri. *Temino* ni kile kibano cha chuma kilicho mwisho wa waya kinachoikumbatia posti. Mafundi wengine huita vyote viwili temino, na hapo ndipo maelekezo ya simu yanapopotea.

Na usalama. Ndani ya betri mna asidi ya salfuri, na betri inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka kwa cheche moja. Hakuna sigara, hakuna kumulika ndani kwa kiberiti. Vua pete na saa ya chuma: spana au pete ikiunganisha chanya na bodi ya gari, chuma hicho hupata moto wa kuchoma nyama. Asidi ikiingia jichoni, osha kwa maji yanayotiririka dakika 20 mfululizo, kisha nenda hospitali.

Anza kwa kusikiliza

Washa taa kubwa za mbele zikielekea ukutani, kisha geuza ufunguo huku ukiangalia mwanga.

Mlio wa haraka wa ka-ka-ka na taa zinazofifia unasema umeme upo, ila hautoshi kuizungusha stata, ile mota inayoiamsha injini. Hii ndiyo sauti ya betri iliyoishiwa au temino mbovu. Ukisikia "tak" moja nzito na taa zisipungue, mshuku stata au waya wake. Betri mpya haitasaidia. Kimya kabisa, hata taa za dashibodi hazipo: ama temino imeachia, ama betri imekauka chaji, ama fyuzi kuu imeungua. Na kama stata inazunguka kwa nguvu zote lakini injini haishiki, achana na betri kabisa. Tatizo liko kwenye mafuta au plagi.

Kusukuma, ambako ndiko kulikotuokoa enzi za gari za manyo (gia za mkono), hakusaidii gari la automatiki. Waambie vijana wa kijiweni wapumzike.

Kisha macho na mkono

Fungua boneti. Shika kila temino na ujaribu kuizungusha kwa mkono mtupu. Ikicheza hata kidogo, umepata mshukiwa bila kutumia shilingi. Ule unga mweupe au wa kijani unaoelekea bluu unaoota kwenye posti huzuia umeme kupita. Ukiumwagia maji ya moto unayeyuka, ila maji hayo yana asidi, yasirukie rangi ya gari wala miguu yako. Wengine humwagia soda ya kunywa. Inafanya kazi kiasi, halafu inakuachia sukari na sisimizi.

Tazama ubavu wa betri. Iliyovimba kama mkate haina tiba, na inayonuka yai bovu imechajiwa kupita kiasi. Usiibusti (kuiazimia umeme wa betri nyingine), usiichaji, itoe.

Kwenye betri za maji, fungua vifuniko gari likiwa limezimwa na uone kama vibati vya ndani vimefunikwa. Vikiwa wazi, ongeza maji yaliyosafishwa yanayouzwa kwa ajili ya betri hadi kwenye alama. Usiongeze asidi. Kuna mtindo kwenye vibanda vya kuchajia wa kumimina asidi mpya kwenye betri dhaifu. Siku mbili betri inarukaruka kama ndama, halafu vibati vinaliwa na inakufa moja kwa moja. Kinachopungua kwenye betri nzima ni maji, kwa sababu ya joto na kuchajiwa. Asidi haiendi popote isipokuwa betri imemwagika. Na maji ya kisima, hasa haya yetu ya pwani yenye chumvi, ni sumu kwake.

Kipimo cha kwanza: gari likiwa limelala

Geuza kitufe cha mita kwenye alama ya V yenye mstari ulionyooka, kwenye 20. Waya mwekundu kwenye posti ya chanya (+), mweusi kwenye hasi (−). Gusa posti yenyewe, usiguse temino.

Pima asubuhi kabla ya kufanya chochote. Ukipima mara baada ya kutoka safari utadanganywa, kwa sababu chaji ya juujuu huifanya betri mbovu ionekane nzima kwa saa kadhaa. Kama huwezi kusubiri, washa taa kubwa dakika 2 bila kuwasha injini, zima, subiri dakika 5, ndipo upime.

Volti 12.6 au zaidi: imejaa. 12.4: kama robo tatu. 12.2: nusu. 12.0: robo. Chini ya 11.9 imeisha. Ukiona inaganda kwenye 10.5 hata baada ya kuchajiwa, hiyo ndiyo hukumu ya kifo: betri ina seli sita za takriban volti 2.1 kila moja, na 10.5 ni hesabu ya seli tano. Moja imekufa.

Hapa ndipo wengi wanapoharakisha kwenda dukani. Betri yenye 12.0 haijakufa, ina njaa. Ichaji kwanza. Chaja ya nyumbani iwe na ampea zipatazo sehemu ya kumi ya ukubwa wa betri: betri ya ampea-saa 40, chaji kwa ampea 4, usiku mzima, mahali penye hewa. Jikoni hapafai. Iache ipumzike saa kadhaa bila chaja, pima tena. Ikikaa 12.6 hadi kesho yake, endelea kuuliza nani alikuwa anaimaliza. Ikiporomoka hadi 12.2 bila kufanya kazi yoyote, imezeeka. Vibati vyake vimejaa salfeti iliyoganda na haviwezi tena kushika chaji.

Mwenye haidromita ana jibu la uhakika zaidi. Nyonya asidi kwenye kila seli: iliyojaa husoma karibu 1.265. Muhimu kuliko namba yenyewe ni tofauti. Seli tano zikisoma 1.250 na moja 1.180, betri hiyo usiendelee kuibembeleza.

Na lile jicho dogo la rangi juu ya betri iliyofungwa? Linaona seli moja tu kati ya sita. Kijani chake ni cha kusikiliza kwa sikio moja.

Kipimo cha pili: wakati wa kuwasha

Mwite mtu akae kwenye usukani. Wewe shika waya za mita kwenye posti, macho kwenye namba, mwambie "washa". Namba itadondoka ghafla na kupanda. Isishuke chini ya 9.6. Betri iliyokuwa na 12.6 ikidondoka hadi 8 au 7, imechoka, haijalishi ilipendeza kiasi gani ilipokuwa imelala.

Kabla hujaihukumu, rudia mara moja zaidi kwa namna hii: waya mmoja wa mita katikati ya posti ya chanya, mwingine kwenye temino yake, yaani umbali wa kidole. Mwenzako awashe. Mita inapaswa kusoma karibu sifuri. Ikisoma 0.5 au zaidi, umeme unapotelea hapohapo kati ya posti na temino, kwenye ule unga au kwenye ulegevu. Rudia upande wa hasi, kisha kati ya posti ya hasi na chuma kitupu cha injini. Isizidi 0.3. Nimeona gari lililobadilishwa betri mbili na stata moja kumbe waya wa hasi ulioungwa na bodi ulikuwa umeoza chini ya nati.

Wenye Aqua, Prius na haibridi nyingine, kipimo hiki hakiwahusu, maana betri ndogo ya volti 12 haizungushi injini, inaamsha kompyuta. Kwenu vipimo vya kulala na kuchaji ndivyo vyenye jibu. Nyaya zenye ganda la rangi ya chungwa msiziguse hata kidogo.

Kipimo cha tatu: injini ikiunguruma

Injini ikiwa imewaka, pima tena kwenye posti. Alterneta nzima huonyesha kati ya 13.8 na 14.5. Sasa washa taa kubwa, AC na feni ya mwisho. Ikibaki juu ya 13.3 hivi, iko sawa. Ikishuka hadi 12 na ushee na kuendelea kuteremka, alterneta haichaji. Angalia mkanda wake na kiungio cha waya zake kwanza, kisha fundi umeme. Ikizidi 15, inachaji kupita kiasi na itaichemsha kila betri utakayoweka. Baadhi ya magari ya miaka ya karibuni hupunguza chaji kwa makusudi yakiona betri imejaa, kwa hiyo usishtuke kwa 12.9 ya muda mfupi. Washa taa kubwa uone kama inapanda.

Kuna jaribio moja la gereji za chini ya mwembe ambalo naomba usikubali lifanyike kwenye gari lako: kuchomoa temino injini ikiwa imewaka ili "tuone kama alterneta inafanya kazi". Kwenye gari la kabureta la zamani ulikuwa ukiponea chupuchupu. Kwenye gari la leo, betri ndiyo inayotuliza umeme wa alterneta. Ukiiondoa ghafla volti zinaruka juu na kompyuta ya injini inaweza kuungua. Mita inakupa jibu lilelile kwa sekunde tano.

Mnyonyaji wa usiku

Vipimo vyote vitatu vimepita, betri mpya, lakini gari likikaa siku mbili haliwaki? Kuna kitu kinakunywa. Gari lililofungwa hutumia umeme kidogo tu wa saa, kompyuta na king'ora, usiozidi ampea 0.05. Hesabu ya taa yangu ya buti ilikuwa hivi: wati 5 kwa volti 12 ni karibu ampea 0.4. Kwa saa 24 ni ampea-saa 10. Betri yangu ina ampea-saa 36. Siku mbili, nusu imeondoka. Ya tatu, ka-ka-ka.

Njia ya kawaida ni kuchomoa temino ya hasi na kupitisha umeme ndani ya mita kwenye tundu la 10A. Siipendi kwa anayeanza. Ukisahau ukageuza ufunguo, fyuzi ya mita inaungua, na kama una redio ya Kijapani itajifunga, habari ambayo naijia. Tumia fyuzi badala yake. Fungua boksi la fyuzi, funga milango (kitasa cha mlango ulioacha wazi kibonyeze kwa bisibisi ili gari liamini kimefungwa), ficha ufunguo mbali, subiri nusu saa gari lilale kabisa. Weka mita kwenye milivolti. Kila fyuzi ina vitobo viwili vidogo vya chuma mgongoni. Gusa vyote viwili. 0.0 maana yake hakuna kinachopita. Inayosoma milivolti kadhaa ndiyo njia ya mnyonyaji. Soma kwenye kifuniko inahusu nini: taa za ndani, redio, soketi ya sigara, king'ora kilichofungwa mtaani.

Kwenye buti sikuhitaji hata mita. Niliweka simu ndani ikirekodi video, nikafunga, nikahesabu hadi ishirini. Nilipoitazama, video nzima ilikuwa na mwanga.

Kununua ile inayotakiwa

Umeamua, betri ndiyo yenye kosa. Kwenye joto letu miaka mitatu hivi ni umri wa heshima, na gari la safari fupi za foleni, AC ikivuma, huwahi zaidi.

Soma maandishi ya betri ya zamani. Magari yetu mengi yametoka Japani, na betri zao zina msimbo kama 46B24L. 46 ni kiwango cha nguvu. Unaweza kupanda, usishuke. B ni kundi la upana na kimo. 24 ni urefu kwa sentimita. L ni upande wa posti: ukiielekeza betri ili posti ziwe upande wako, hasi iko kushoto na chanya kulia. R ni kinyume. Ukinunua R badala ya L, nyaya hazitafika, na ukizilazimisha utafunga chanya kwenye hasi. Mwisho wa msimbo ukiona S, kama 46B24LS, posti zake ni nene. Isiyo na S kwenye kundi la B ni nyembamba. Hapa ndipo vilipozaliwa vile vipande vya kopo na misumari ambavyo mafundi hupachika kati ya temino nene na posti nyembamba. Vinashika wiki moja, kisha vinalegea ukiwa Kibaha usiku.

Betri yenye msimbo wa M-42, N-55 au Q-85 ni ya gari linalojizima kwenye foleni. Irudishie ya aina hiyohiyo. Ya kawaida itachoka haraka.

Mwuzaji atakuuliza "ya maji au kavu?" Ile wanayoita kavu ina asidi vilevile, imefungwa tu usiweze kuongeza maji. Chagua kwa mazoea yako: kama hufungui boneti hadi gari ligome, chukua iliyofungwa.

Nenda dukani na mita yako. Soma tarehe ya kutengenezwa iliyogongwa au kubandikwa, epuka iliyokaa rafuni zaidi ya miezi sita, kisha pima mbele ya mwuzaji. Chini ya 12.4, mwombe nyingine. Atanuna kidogo, atakupa. Omba risiti yenye tarehe kwa ajili ya waranti, na mwulize atakupunguzia kiasi gani ukimpa ya zamani. Wengi hupunguza.

Redio, kabla hujagusa spana

Baadhi ya redio zenye skrini zilizokuja na magari ya Japani, hasa za Toyota, zikikatiwa umeme hujifunga na kudai namba ya siri ambayo mwenye gari wa kwanza aliiacha Osaka. Kama yako ni ya jamii hiyo na huna namba, gari lisikose umeme hata sekunde moja.

Tafuta betri nyingine nzima ya volti 12, iweke chini juu ya ubao. Kwa waya mwekundu wa kubusti, unganisha chanya yake na boliti ya temino ya chanya ya gari, mahali ambapo kibano hakitabanduka utakapoilegeza. Kwa waya mweusi, hasi yake na chuma cha injini. Sasa redio inakula kutoka kwenye betri ya chini. Lakini elewa kilichotokea: temino ya chanya ya gari itabaki na umeme hata ukiitoa kwenye posti. Ukiitoa, ivike glovu nene ya mpira papo hapo na isiguse chuma chochote. Kama maneno haya yamekutia wasiwasi, mwite fundi kwa hatua hii moja. Fedha yake ni ndogo kuliko ya kufungulia redio.

Kubadilisha

1. Zima kila kitu, toa ufunguo, shusha kioo cha dereva ili usijifungie nje. Subiri dakika 5.

2. Legeza hasi kwanza. Sababu ni hii: bodi nzima ya gari ni hasi. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, unapata radi mkononi. Ukishatoa hasi, spana ikigusa popote hakuna kinachotokea (isipokuwa umeweka betri ya pili ya redio, hapo uangalifu ni uleule mwanzo hadi mwisho). Temino ikigoma usiigonge kwa nyundo, posti inavunjika kama chaki. Mwagia maji ya moto kidogo, panua mdomo wa kibano kwa bisibisi, izungushe kushoto kulia huku ukivuta juu.

3. Toa chanya, ivike tambara au glovu.

4. Fungua kishikizo cha betri. Kwenye IST kuna fimbo ndefu yenye ndoano chini. Ikidondokea kwenye shimo la chini ya trei utaisaka nusu saa. Ishike kwa mkono mmoja unapomalizia nati.

5. Inua kwa magoti, mgongo uwe wima. Ya ukubwa huu ina kilo 10 hadi 12 hivi. Ibebe ikiwa wima, asidi isivuje kwenye shati.

6. Changanya baikaboneti na maji, mimina kwenye trei na kwenye temino zenye unga, iache itoe povu. Suuza, kausha. Sugua ndani ya temino kwa msasa hadi chuma king'ae. Usiiruke hatua hii kwa haraka ya kuwasha gari, kwani temino chafu kwenye betri mpya inakurudisha ulikotoka.

7. Weka mpya kando ya ya zamani uhakikishe posti zimekaa upande uleule, kisha iingize. Teremsha boneti polepole bila kuifunga, uone haigusi posti. Betri ndefu kupita kiasi inayogusa boneti imeshawasha moto magari ya watu.

8. Funga kishikizo kiwe imara kiasi cha betri kutocheza, bila kuibana hadi ipinde.

9. Sasa chanya kwanza, hasi mwisho. Cheche ndogo wakati wa hasi ni ya kawaida. Temino zishuke hadi chini ya posti, kaza zisizunguke kwa mkono. Paka vaselini juu, baada ya kukaza. Ukipaka kabla unaweka mafuta katikati ya vyuma viwili vinavyotaka kugusana.

10. Kwa aliyetumia betri ya redio, sasa ondoa waya mweusi, kisha mwekundu.

Kwa haibridi zenye betri ndani ya gari, nyuma, kuna kimpira chembamba cha kutolea gesi nje. Kirudishe mahali pake, la sivyo gesi inabaki na abiria.

Washa. Injini ikinguruma kwa kusitasita siku ya kwanza, iache ikiwa imewaka dakika 10 bila kukanyaga mafuta, kompyuta yake inajifunza upya. Vioo vya kujifunga vyenyewe vikisahau kazi, shusha hadi chini, pandisha hadi juu na uendelee kuvuta kitufe sekunde kadhaa.

Ile ya zamani

Ipeleke kwa mwuzaji. Najua pwani kuna wanaovunja betri kuukuu kuyeyusha risasi ya chubwi za kuvulia, kwenye jiko lilelile la kupikia chai. Mvuke na vumbi lake huingia kwenye damu, na watoto ndio wanaoumia zaidi ubongoni. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwaachia wanakijiji risasi mwilini. Phyllis Omido aliyewapigania alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Asidi nayo usiimwage kwenye mtaro.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kuwasha, pima tena. Yangu ya pili, baada ya kung'oa balbu ya buti, ilisoma 12.64. Niliandika namba hiyo na tarehe juu ya betri kwa maka peni nyeusi, karibu na chanya, na kila baada ya miezi mitatu naongeza mstari mmoja chini yake. Mstari wa mwisho ni 12.51.